Nilivyopata soketi za voltimita ya zamani nikiwa Dodoma

Kazi yangu hapa Dodoma ni kuhakiki vipimajoto vya viwanda vidogo vya kukamua alizeti. Kihisio cha aina ya K, yaani nyaya mbili za madini tofauti zinazogeuza joto kuwa umeme mdogo, hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo mita ya kawaida ya fundi umeme hainifai. Ndiyo maana nilinunua voltimita ya HP 3478A iliyokwisha kutumika ughaibuni, ambayo kwenye skeli ya milivolti 30 husoma hadi nanovolti 100, yaani sehemu moja ya kumi ya mikrovolti. Ilifika ikiwa hai, ila soketi mbili za mbele, nyekundu na nyeusi, zilikuwa zimepasuka ndani ya boksi. Nilitumia zile za nyuma kwa muda, lakini kuinama nyuma ya meza kwa kila kipimo kulinichosha.

Nilianzia mjini, kwenye duka la spea za redio. Muuzaji alinipa soketi za milimita 4, zile za kufungia nyaya za spika, zinazong'aa kama kijiko kipya. Nilipouliza ni madini gani, alijibu bila kusita: “Hiyo ni shaba tupu, fundi.” Hakunidanganya. Tatizo ni kwamba neno letu “shaba” hubeba madini mawili, shaba nyekundu na ile ya njano ambayo mafundi huiita brasi, na kwa kazi hii tofauti yake ni kubwa.

Nilizifunga, nikaunganisha soketi hizo mbili kwa kipande kifupi cha waya wa shaba, nikasubiri namba itulie karibu na sifuri. Kisha nikashika soketi nyekundu kwa vidole viwili. Namba ilianza kupanda, mikrovolti moja, tatu, ikafika saba, na nilipoachia ilichukua dakika kadhaa kurudi. Madini mawili tofauti yanapokutana mahali penye joto tofauti huzalisha umeme wake yenyewe: shaba nyekundu kwa brasi ni takriban mikrovolti 3 kwa kila nyuzi, ilhali shaba safi kwa shaba safi haifiki hata 0.2. Kwenye shaba iliyoota kutu, kiwango hicho kinaweza kufika mikrovolti 1,000. Kwa mwenye kinu, mikrovolti saba si neno, lakini mimi ndiye ninayepaswa kumwambia kama kipimajoto chake kinasema kweli. Nilikwangua soketi moja kwa tupa, na chini ya ule mng'ao nikaona njano.

Nikahamia kutafuta kwenye intaneti, nikapoteza jioni nzima kwa kosa la kijinga: niliandika HP na neno soketi, nikaletewa printa na wino. Kitengo cha vipimo cha HP kiliondoka mwaka 1999 na kuitwa Agilent, kisha mwaka 2014 kikawa Keysight. Kilichonisaidia ni kitabu cha matengenezo cha mita yenyewe. Katika orodha yake ya spea, mbele ya namba ya HP kuna safu nyingine zenye msimbo wa kiwanda kilichotengeneza kifaa hicho na namba ya kiwanda hicho. Kwa vipuri vingi, hiyo namba ya pili ndiyo ya kutafutia. Soketi zangu hazikupatikana hata kwa njia hiyo, kwa hiyo nilitafuta kwa vipimo: nilipima tundu la paneli kwa kalipa, kina cha nyuma, na umbali wa milimita 19 kutoka katikati ya soketi moja hadi nyingine, ili plagi za pini mbili ziendelee kuingia. Niliagiza za shaba nyekundu yenye telurimu kidogo (kiungo kinachorahisisha kuichonga), zilizopakwa dhahabu. Kuagiza mita mbovu ya kuchinja kungenipa spea zaidi, ila usafirishaji wake ungemeza fedha nyingi, wakati soketi hizo hazizidi uzito wa barua. Ziliishia Dar es Salaam, na mpwa wangu akanijia nazo kwa treni.

Nilirudia jaribio la vidole. Namba ilitikisika kidogo tu kwenye tarakimu za mwisho.

Kwa kuwa mfuniko ulikuwa wazi, nilibadilisha na betri ya lithiamu ya volti 3 inayotunza takwimu za ukalibrishaji, yaani marekebisho yanayoifanya mita isome sahihi. Ikikatika hata mara moja mita ikiwa imezimwa, takwimu zinafutika, na mita hulazimika kwenda kukalibrishwa upya maabara. Niliunganisha betri mbili za volti 1.5, zikifuatana ili zifikishe volti 3, sambamba na ile ya zamani, nikachomoa chuma cha kulehemu kwenye umeme kila kabla ya kugusa bodi, kisha nikaweka kishikio cha betri ya CR123A, ambayo wauzaji wa kamera wanayo. Nimeandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Kitu ambacho bado sijakipata ni mguu mmoja wa plastiki wa mbele. Kwa sasa mita imesimamia kipande cha soli ya ndala.