Leo alfajiri nimeingia ndotoni nikiwa macho

Wiki ya tatu hii najaribu: kutoka macho hadi ndotoni bila fahamu kukatika.

Nalala saa tano usiku, kengele inalia saa kumi, kwa sababu ndoto ndefu huja kuelekea asubuhi. Nakunywa maji, narudi kulala chali, nahesabu pumzi.

Siku zote huishia kukoroma tu. (Mwenzangu ni shahidi.)

Leo nilifika sitini na kitu, mwili ukawa mzito kama gunia la mchanga. Masikio yakavuma. Bibi angesema jinamizi limenikalia. Sikupigana nalo, nikatulia.

Vikaja vidoa vya mwanga, kisha ukuta, kisha mlango… mara nimesimama uani kwa bibi, miguu peku.

Nilijua naota, ila nikataka uhakika. Nikabana pua kwa nguvu, nikavuta pumzi.

Hewa ikapita!

Pua imezibwa kabisa, na hewa inaingia, ya baridi, ina harufu ya mvua. Nikacheka kwa furaha, na kicheko hicho ndicho kilichoniamsha.

Labda sekunde ishirini tu. Tangu asubuhi najibana pua kazini kama kichaa.

Nani mwingine ameshafika huko? Mnafanyaje msiamke haraka?