Jinsi nilivyoipitisha methodi ya ndani kutoka pakeji moja hadi nyingine bila kuiweka public

Maktaba yetu ya malipo, tuliyoiandika kwa lugha ya programu ya Java, ina pakeji (fungu la msimbo) ya malipo na nyingine ya malipo.hifadhi. Majina yanakufanya udhani ni mzazi na mwana, ila Java haiujui undugu huo. Methodi (kipande cha msimbo chenye jina, kinachoitwa kufanya kazi fulani) isiyo na neno public (wazi kwa wote), protected wala private (ya klasi yake tu) huonekana ndani ya pakeji yake tu, basi.

Kilichoniumiza kichwa ni methodi rejesha() ya klasi (kiolezo cha kuundia vitu vya programu) ya Muamala. Inaunda upya muamala kutoka hifadhidata, ukiwa tayari na hali ya “umelipwa”, bila kupita kwenye ukaguzi. Pakeji ya hifadhi haiwezi kuishi bila hiyo. Wenzangu walitaka tuifanye public yaishe. Nilikataa, maana yeyote mwenye maktaba yetu angejitengenezea muamala uliolipwa bila senti kuingia. Onyo kwenye maelezo? Nani anasoma! Rifleksheni nayo, yaani kuitafuta methodi kwa jina lake programu ikiwa kazini, sikuitaka: ukibadili jina la methodi kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) inanyamaza, unakuja kuumbuka programu ikiwa kazini.

Nikaunda pakeji ya tatu, malipo.ndani, nikaweka humo klasi dhahania (isiyokamilika, inayongoja klasi nyingine iirithi na kuikamilisha), MlangoWaMuamala, yenye methodi dhahania moja. Kisha ndani ya Muamala, kwenye bloku ya static, nikaandika klasi isiyo na jina inayoirithi na kuisajili. Kwa kuwa imeandikwa ndani ya Muamala, inaruhusiwa kuita hata kilicho private. Hifadhi inauomba mlango, inapewa, inapita. JDK (zana na maktaba za Java) yenyewe inatumia ujanja huuhuu kupitia klasi ya SharedSecrets, kwa hiyo sikuona haya.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Majaribio yote yakiendeshwa pamoja yanapita. Jaribio la hifadhi likiendeshwa peke yake linaanguka kwa NullPointerException, kosa la kutumia null, yaani kitu ambacho hakipo. Kumbe bloku ya static haitekelezwi mpaka klasi ianzishwe, na hapo hakuna aliyekuwa ameigusa Muamala. Kutaja Muamala.class hakuianzishi. Class.forName("malipo.Muamala") ndiyo inayoianzisha, hivyo methodi inayotoa mlango inaiita kwanza ikikuta null.

Ikabaki tundu moja. MlangoWaMuamala lazima uwe public ili pakeji zote mbili ziuone, na hivyo wa nje nao wanauona. Hapo nikategemea moduli (mafungu ya pakeji yanayotangaza nani aone nini), zilizoingia na Java 9 mwaka 2017. Hifadhi tuliipa moduli yake, na kwenye module-info.java ya malipo nikaandika:

exports malipo.ndani to malipo.hifadhi;

Moduli nyingine ikijaribu kuigusa pakeji hiyo, kompaila inagoma. Wateja wanaoipakia maktaba kwa classpath ya zamani (orodha ya mahali pa kutafuta klasi, isiyojali moduli) mstari huo hauwazuii kitu. Kwao nimeacha neno “ndani” kwenye jina la pakeji, na anayelipuuza ajue toleo lijalo linaweza kumvunjia programu.