Paspoti niliyoificha kwenye sanduku la kanga

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Toronto, Januari 2011, babake alikuwa anasoma masters kule na mie nimemfata, na baridi ya siku ile we acha tu. Kanada ukizaliwa kwao ushakuwa raia, hawaulizi mama katokea Wete wala baba anarudi lini, kwa hiyo 2012 kabla hatujarudi Unguja tukamtolea paspoti yao, ya mtoto haidumu miaka mingi. Tulipofika nyumbani nikaifunga kwenye kanga nikaitia chini kabisa ya sanduku na huko ndiko ilikolala.

Niliificha kwa woga, sina cha kusingizia. Kila mtu anakwambia Tanzania hakuna uraia pacha, ukikutwa na paspoti mbili utakiona cha moto, na mie sheria sijaisoma hata mstari mmoja ila maneno ya barazani nilikuwa nayo yote. Mtoto nikamfunza kabisa, ukiulizwa umezaliwa wapi sema Mnazi Mmoja, hospitali ya hapa Unguja. Akawa anasema Mnazi Mmoja, lakini ananiangalia kwanza.

Sasa 2018 dada yangu aliyeko Columbus, Ohio, akawa anaoza binti yake, harusi mwanzoni mwa Julai, akasema msipokuja msinijue tena. Babake kazi haikumruhusu, tukakubaliana niende mie na mtoto. Tukaenda Kilimani kumtolea paspoti ya Tanzania, zile za kielektroniki ndio kwanza zimeanza mwaka ule, laki na nusu, halafu viza za Marekani, dola 160 kila kichwa, na boti ya saa moja asubuhi kwenda Dar na kurudi na mtoto anatapika njia nzima. Viza zikatoka, alhamdulillahi.

Tiketi ya bei nafuu ilikuwa inapitia Addis Ababa, kisha Toronto, kisha ndo Columbus. Ejenti pale Darajani akaniambia wewe Mtanzania hata kama hutoki nje ya eapoti Toronto lazima uwe na viza ya transit, ila mtoto hahitaji, si kazaliwa huko? Mie nikaona maneno yameingia akilini. Nikaomba yangu, serikali yao haitozi ada kwa hiyo ya transit, nikapata. Ya mtoto wala sikuhangaika nayo. Usiku wa mwisho nikaifungua ile kanga nikatoa paspoti yake ya zamani, nikaona imeisha muda kitambo, nikajiambia si kitu, mtu haishi uraia kama maziwa. Nikaitia mkobani pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Siku chache baada ya Idd, alasiri, tuko Kisauni. Lile jengo la zamani la eapoti mwalijua, watu wamebanana, joto, na mie nina begi la halua ya Wete na visheti ambalo nimelibeba kama yai. Dada wa kaunta, ushungi wake umekaa vizuri mashallah, akachukua paspoti zetu, akabonyeza, akabonyeza tena. Akauliza, mama, huyu mtoto viza ya Kanada iko wapi? Kabla sijafungua mdomo mwanangu akaruka, "Mie nimezaliwa Toronto!" Kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Nikamfinya. Kumfinya kwenyewe bure tu, maana kwenye paspoti yake ya Tanzania mahali pa kuzaliwa pameandikwa TORONTO kwa herufi kubwa, miaka yote nilivyokuwa nahangaika na Mnazi Mmoja sikulifikiria hilo hata siku moja.

Nikatoa ile iliyokufa, nikatoa na cheti. Yule dada akaenda kumwita mkubwa wake, mzee wa makamo, miwani puani, mpole, akazitandaza zote kwenye kaunta kama mtu anapanga karata.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu kijana ukinipa kama Mtanzania, nataka viza ya transit, hana. Ukinipa kama Mkanada, nataka paspoti yao iliyo hai, hana."

Nikamwambia basi baba niambie, niende nikamuombee hiyo viza.

"Hawampi. Raia hapewi viza ya kwenda kwao."

Mie nikacheka, nikadhani anatania. Akanieleza taratibu kwamba tangu Novemba 2016 Kanada mtu wao mwenye uraia wa nchi mbili hapandi ndege ya kwenda kule, hata ya kupita tu, bila ya paspoti ya Kanada, na sisi tukimpakia tunapigwa faini. Kuna kibali maalumu cha dharura lakini wanapewa wale ambao paspoti yao ya pili ni ya nchi isiyohitaji viza kuingia Kanada, Muingereza, Mfaransa, sie hatumo. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa, kwa nini mmeiacha ya mtoto ikafa?

Nikamnong'oneza, si uraia pacha haturuhusiwi.

Akavua miwani. "Hiyo ni kwa mtu mzima. Mtoto chini ya miaka kumi na nane anaweza kuwa nazo zote mbili, Sheria ya Uraia ya 1995 ndivyo ilivyo, akishakuwa mkubwa ndo anatakiwa achague." Akanyamaza kidogo, kisha akaniongezea, nadhani hakukusudia kuniumiza, "Na ungekuwa nayo hai, Marekani yenyewe asingehitaji viza ya matembezi. Wakanada hawaombi."

Zile dola 160. Zile boti. Yale matapishi! Babake alikuwa bado yuko nje ya geti anasubiri atupungie mkono, nikampigia simu nikamwambia usiondoke na gari, akauliza mmesahau nini, nikashindwa hata kujibu.

Kibaya zaidi ni kurudi nyumbani. Mtu ushaagwa, ushaombewa dua, jirani kakupa bahasha ya kumpelekea mwanawe, halafu jua halijazama unashusha mabegi. Mavyaa wangu alikuwa barazani, akatazama gari, akatazama mabegi, akasema "Mumesharudi? Marekani imekuwa karibu siku hizi." Nikapita moja kwa moja hadi chumbani.

Paspoti mpya ya Kanada isingewahi harusi, hilo lilikuwa wazi. Babake akakaa na simu usiku kucha, akapata njia ya Doha kisha Washington moja kwa moja, Kanada haiguswi, mtoto asafiri kwa paspoti ya Tanzania na ile viza yake ya Marekani, na Doha ukibaki ndani unasubiri ndege yako huulizwi viza. Ikatugharimu dola mia saba na ushei juu, na tiketi ya mwanzo tukarudishiwa vikodi tu. Yule ejenti wa Darajani nilipompigia akasema lakini dada mie nilikwambia ukweli, viza kweli hahitaji. Nikakata simu, maana na yeye ana haki, kisheria.

Doha tulikaa masaa mengi. Halua ishaanza kutoa mafuta kwenye begi. Pembeni yetu kakaa bibi mmoja wa Mombasa anakwenda kwa mwanawe, akamuuliza mwanangu, babu, wewe kwenu wapi? Akanitazama kwanza. Nikajifanya nafunga begi.

"Unguja," akasema. "Lakini nimezaliwa Toronto."

"Aa! Kuna baridi huko?"

"Sijui, nilikuwa mdogo."