Mkoko wa Gazi sasa una wenyewe

Sisi tuliokulia Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, tuliujua mkoko kwa boriti zake. Ukitaka kujenga unangoja maji yapwe, unaingia na panga, unatoka na mzigo wako, nani akuulize? Nimerudi juzi kutoka Edinburgh nikiwa na ramani ya nyumba, na nikamwambia mjomba anitafutie vijana wa kunikatia. Alicheka mpaka akakohoa. "Boriti za mkoko, mwanangu? Nenda kanunue mvinje kama wenzako."

Nyumba itajengwa, hiyo si hoja. Kilichonichoma ni kwamba msitu niliouacha na mapengo, ule uliofyekwa miaka ya 1970 kulisha matanuri ya viwanda, siku hizi una wenyewe wengi kuliko ukoo wetu. Ardhi ya mikoko ni ya serikali, chini ya shirika la misitu la Kenya, KFS. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mkataba wa kuitunza, na kundi lao ndilo Mikoko Pamoja. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, wana kituo hapa hapa, wanapima miti na tope. Plan Vivo hutoa cheti cha hewa ukaa, yaani ushahidi wa kaboni ambayo msitu umeizuia isipande angani, na ACES hukitafutia wanunuzi. Hayo mawili ya mwisho ni mashirika ya hisani ya Uskoti. Uskoti! Miaka yote nimekaa kule sikuwahi kuyasikia, nimekuja kufundishwa habari za Edinburgh na mzee asiye na pasipoti.

Nilinuna siku kadhaa. Halafu nikaanza kuuliza, maana hekta 117 tu za mkataba huo zina haja gani ya watu wote hao?

Jibu ni kwamba kila mmoja ana pengo asiloweza kuliziba peke yake. Wanakijiji wanaweza kulinda miti lakini hawawezi kumthibitishia mnunuzi kwamba tani moja ya kaboni imebaki ardhini, na sehemu kubwa ya kaboni ya mkoko imo kwenye tope, si kwenye mti unaoonekana. Hapo wanaingia watafiti. Nao watafiti bila wanakijiji wangebaki kuhesabu visiki. Cheti bila muuzaji ni karatasi. Tangu 2013 huuzwa kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na fedha hazigawiwi mfukoni kwa mtu. Watu hukaa baraza wakaamua, na ndiko yalikotoka maji ya bomba na vitabu vya shule. Ile mivinje aliyonitajia mjomba nayo imepandwa kwa hesabu hiyo hiyo: ukimkataza mtu boriti bila kumpa badala yake, atahamishia panga msitu wa jirani, na hamjaokoa kitu.

Wanakijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kusini zaidi, walifuata njia hiyo mwaka 2019, kwa hekta zaidi ya 400. Hawakuunda taasisi mpya za kupima na kuuza; walishikana na wale wale. Mimi hapo ndipo nilipovua kofia, kwa sababu huko ughaibuni nimeona mashirika ya mazingira yakigombea mfadhili mmoja kama kunguru na kichwa cha samaki.

Lakini msinifanye mpambe. Anayenunua hizo tani yuko mbali, na anaendelea kuchoma mafuta yake kwa moyo mweupe, eti msitu wetu umemfidia moshi wake. Nilimwambia mjomba hivyo. Akasema, "Na tusipouza, ataacha?" Sikuwa na la kujibu, na swali limenikaa vibaya.

Nyinyi mnaorudi na wazo la shirika lenu, bango lenu na picha yenu mkipanda mche: bakini nalo huko. Huku miche ina wapandaji. Wanaotafutwa ni watu wa kuketi na mkataba wa kurasa nyingi za Kiingereza, wausome mpaka mwisho, kisha wawaeleze wazee kipi wanachotia saini na kwa miaka mingapi. Posho haipo, na picha hupigwi.