Ninavyomrudisha shule mtoto aliyeungua

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni mzazi kusubiri makovu yaishe kwanza. Kovu la moto huweza kuchukua miezi 12 hadi 24 kulainika. Mtoto wa darasa la pili akikaa nyumbani muda huo, wenzake wanafika la nne. Kwa hiyo mimi, muuguzi wa walioungua, nampa daftari angali wodini, na mwalimu wake nampigia wiki mbili kabla ya ruhusa.

Vidonda vikishafunga, naangalia choo. Goti lililoungua kwa nyuma huvutwa na kovu, na choo cha shule ni cha kuchuchumaa. Mtoto hatasema, ataacha kunywa maji ili asiende. Namwambia achuchumae mbele yangu, ainuke bila kushikwa. Akishindwa, mazoezi yanaongezwa, na mwalimu anaombwa choo chenye cha kushikilia.

Mkono uliokakamaa: penseli naizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi ifikie unene wa kidole gumba.

Ngozi ya kupandikizwa haitoi jasho vizuri na jua huibadilisha rangi. Dawati liwe mbali na dirisha la jua, mstarini asimame kivulini, avae mikono mirefu ya pamba. Sweta la shule huwasha sana, basi lisiguse kovu. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ayapake kidogo na kuyasugua mpaka yaingie, maana yakizidi hulegeza vazi la kubana, yaani nguo inayovutika inayokandamiza kovu lisivimbe. Vazi hilo huvaliwa takriban saa 23 kwa siku, na kuna walimu wanaolivua wakidhani si sare. Barua ya hospitali ifike kabla ya mtoto.

Maneno nayo yanahitaji mazoezi. Namuuliza kwanza anataka darasa liambiwe nini, asipotaka, sisemi. Akikubali, naenda siku moja kabla na vazi la kubana la akiba, linapita mkono kwa mkono, kila mmoja analivuta aone linavyobana. Naeleza kwamba kovu haliambukizi, linawasha, lisivutwe. Yeye tunamfundisha sentensi tatu: “Niliungua na uji. Nimepona. Leo tunacheza nini?” Katika mazoezi hayo mimi naigiza mtoto mchokozi. Mara ya kwanza hujibu akiangalia sakafu. Tunarudia mpaka ananitazama usoni na sauti inafika mlangoni.

Siku ya kwanza huwa Alhamisi, nusu siku, ili wikiendi iwe karibu. Jumatatu ni mbaya: siku tano mfululizo humchosha, na wiki inayofuata anagoma.

Kuna jambo ambalo hata sisi wauguzi hulisahau: foleni ya uji. Aliyemwagikiwa na uji anaweza kuganda akiona sufuria inafuka moshi. Rafiki amletee kikombe kikiwa kimeshapoa, naye akae mbali na jiko. Akianza mwenyewe kusogea hatua mbili tatu kuelekea foleni, aachwe aende kwa mwendo wake.