Mvua ikinyesha, simu ya mama mkwe inakwaruza

Mama mkwe alipohamia kwetu Columbus, jimbo la Ohio, tulimwekea kitufe cha dharura, kile cha kuvaa shingoni ambacho mtu hukibonyeza akianguka. Chake hupiga kwa laini ya simu ya mezani. Kwa hiyo, ingawa sote tuna simu za mkononi, ile ya waya hatuthubutu kuikata. Shida ilikuwa mvua. Ikinyesha usiku, asubuhi simu inakwaruza kama mtu anakaanga vitunguu, na siku nyingine haina mlio kabisa.

Kampuni ya simu ikaniambia fundi atakuja, ila tatizo likiwa ndani ya nyumba, nitalipa mimi. Sawa, lakini "ndani" inaanzia wapi? Nikazunguka nyuma ya nyumba, na chini ya mita ya umeme nikakuta visanduku vitatu.

Nilianza na kisicho chenyewe. Kilikuwa na kebo nene ya mviringo, kichwa chake kinazungushwa kama nati: hiyo ni ya televisheni. Cha pili kilikuwa kikuukuu, nati mbili za shaba na nyaya zilizokatwa zamani. Cha tatu, cha plastiki ya kijivu, kilikuwa na buibui na nyumba tupu ya nyigu. Ndicho hicho.

Nikampigia video baba mdogo, Tanga, kwake saa tatu usiku. Alikuwa fundi wa simu enzi za Posta na Simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Hebu nionyeshe hilo kopo lako."

Akalitazama kama anayeona picha ya rafiki wa zamani. Sanduku lina vyumba viwili. Kimoja kimefungwa kwa bolti ya kifaa maalumu: hicho ni cha kampuni, mna kinga ya radi na waya wa kwenda ardhini, usikiguse. Kingine kinafunguka kwa bisibisi bapa ya kawaida: hicho ni cha mwenye nyumba. Mpaka niliokuwa nautafuta uko humo. Zamani hapa Marekani hata waya wa ndani ulikuwa mali ya kampuni. Miaka ya 1980 mambo yakabadilika, nao ukawa mzigo wetu.

Kwenye chumba changu kulikuwa na kijiwaya kifupi kilichochomekwa kwenye tundu la simu. Ukikichomoa, nyumba nzima inatengwa na laini ya nje. Baba mdogo akasema nilete simu ya kawaida, ya waya, niichomeke hapo hapo. Usiku uliopita mvua ilinyesha. Nikasikiliza: mlio safi, hata chembe ya mkwaruzo hakuna. Basi kampuni haina kosa, na fundi wao angekuja ningelipa bure.

Nikarudisha kijiwaya, nikaanza kulegeza skrubu zilizoshika nyaya za ndani: pea tatu, kila pea nyekundu na kijani. Hapo ndipo mke wangu, bila kujua, alipopiga namba ya simu yetu ya mezani kwa simu yake ya mkononi, kutoka jikoni, ili ajaribu. Vidole vyangu vilikuwa kwenye shaba tupu. Laini ikitulia ina volti 48 hivi, hutazihisi sana. Ikiita inapanda hadi karibu 90. Bisibisi iliruka mpaka kwenye maua. Baba mdogo alicheka hadi akakohoa.

"Nani alikwambia urudishe kabla hujamaliza?"

Kweli, hakuna aliyeniambia.

Nikachomoa tena, nikatoa pea zote tatu, nikazirudisha moja moja, kila mara nikichomeka kijiwaya na kwenda kusikiliza simu ya sebuleni. Ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, vitunguu. Nikaufuata waya wake kwa macho: unapita chini ya vigae vya ukuta wa nje hadi gereji, kwenye tundu ambalo hakuna aliyelitumia tangu tununue nyumba. Karibu na mfereji wa maji ya paa ganda lake limepasuka, shaba imeota kutu ya kijani. Nikauacha nje ya skrubu, nikaukunja, nikafunga mfuniko.

Mvua kubwa ilikuja siku ya nne. Alfajiri nikashuka gizani, nikanyanyua mkono wa simu, nikausikiliza mlio kwa muda.

"Baba," mama mkwe akaita kutoka chumbani, "unampigia nani saa hizi?"