Mate yaliponikauka mbele ya cherehani

Mimi ni fundi cherehani, na mafundi tuna tabia moja: uzi ukikataa kupita kwenye tundu la sindano, tunaulamba. Siku moja kibarazani kwangu Ngamiani, Tanga, niliulamba mara tatu, ncha ikabaki imechanuka vilevile. Ulimi mkavu kama kitambaa. Nikamwita binti ninayemfundisha kazi anitungie, nikasingizia joto.

Joto gani, na usiku vilevile ulimi unagandana na kaakaa? Miezi miwili nyuma nilikuwa nimeanzishiwa amitriptilini, miligramu 25 kila usiku, kuzuia kipandauso. Kichwa kilitulia, alhamdulillahi. Ila mkate haumezeki bila chai, na nikiongea na mteja mdomo unanata. Hakuna aliyeniambia dawa ile hukausha mate, nami sikuuliza.

Nikajitibu kwa pipi kifua. Moja ikiisha naweka nyingine, tangu asubuhi mpaka magharibi, paketi nzima kando ya mkasi. Mdomo ulilowa kidogo, nikajiona mjanja.

Miezi ikapita. Siku hiyo nakata uzi kwa meno (tabia nyingine mbaya ya mafundi), nikasikia kitu kimekatika ambacho si uzi. Kipande cha jino la mbele, rangi ya kahawia, kimeangukia kwenye khanga ya watu.

Daktari wa meno alinipa kioo nijionee. Meno yalikuwa yameliwa shinani, pale yanapokutana na ufizi. Akaniuliza natumia dawa gani, halafu nakula nini kutwa. Nilipotaja pipi akatikisa kichwa. Mtu mzima, alisema, hutoa mate nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, na si ya kulainisha chakula tu: yanaosha sukari, yanapoza asidi inayotengenezwa na bakteria, yanarudishia jino madini yake. Mimi mate sina, halafu kila baada ya dakika chache nawapa bakteria sukari. Jino litapumua saa ngapi?

Moja liling'olewa, matatu yakazibwa. Nilitaka kuacha vile vidonge siku ileile. Akanikataza, akanirudisha kwa aliyeniandikia. Kipimo kikashushwa hadi miligramu 10, na hapo ndipo mate yalipoanza kurudi, ingawa si kama zamani.

Mengine ni ya nyumbani. Chupa ya maji iko juu ya meza ya cherehani, napiga funda dogo dogo. Bigijii natafuna isiyo na sukari; maduka ya mtaani hayana, nanunua famasi. Napiga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, na ya usiku hainipiti, maana usingizini mate hupungua hata kwa mzima. Lililonishinda kwa muda mrefu ni kutema povu bila kusukutua maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Sisi tuliolelewa kusukutua mpaka maji yatoke meupe, kulala na ladha ile mdomoni ni mtihani.

Uzi sasa naukata kwa mkasi. Ukinisumbua kutunga, nauchovya kwenye kifuniko cha chupa, na yule binti ameniiga.